Dipanda Ugenini: Tutawaambia Nini Watoto Waliozaliwa Kambini?

   

Mwezi huu nimeombwa niandike juu ya sikukuu ya 30 Juni, siku ambayo nchi yetu ya Kongo ilipata uhuru mwaka 1960. Niliona ni kazi rahisi. Nitaandika tarehe, nitaandika majina ya viongozi, nimemaliza. Lakini nilipokaa na kalamu nikakumbuka swali la msichana mmoja wa mwaka wa sita, aliloniuliza Juni 2025 tukiwa kwenye matayarisho. Alinyoosha mkono vizuri, akasimama kama tulivyowafundisha, akasema:

"Mwalimu, mimi nilizaliwa hapa Nyarugusu. Mama yangu naye alikuja hapa akiwa mutoto wa mgongoni. Sasa dipanda inatuhusu nini?"

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, maana sikuwa na jibu. Nikamwambia tutajibu kesho. Kesho yake nikafundisha hesabu.

Mwezi wetu wa Juni unavyokuwa

Ninyi mnajua Juni ilivyo hapa. Tarehe 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, tunakumbuka wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976. Watoto wanaimba, wanaigiza, wanapewa soda kama ipo. Siku nne baadaye, tarehe 20, ni Siku ya Wakimbizi Duniani, ambayo imekuwa ikiadhimishwa dunia nzima tangu 2001. Hapo kuna mahema, kuna spika, kuna wageni wenye fulana na kofia, kuna ngoma za kila kabila na mechi ya mpira. Halafu zinapita siku kumi na inafika tarehe 30. Hakuna hema, hakuna spika. Mtu anaamka, anakwenda kuchota maji, anamwambia jirani, "Leo ni dipanda," na jirani anajibu, "Eee, kweli," basi, siku imeisha. Kesho yake, tarehe 1 Julai, majirani zetu Warundi wanakumbuka uhuru wao wa 1962, na wao wana maswali yao.

Mimi naona hiyo si sawa. Tarehe 20 tunakumbukwa kwa sababu tulitoka kwetu. Tarehe 30 inahusu huko tulikotoka, na kama sisi wenyewe hatuitaji, hapa hakuna mwingine wa kututajia.

Wako wanaosema, Mwalimu, mambo ya sikukuu ya nini, watoto wasome tu. Lakini hebu angalieni wanachosoma. Sisi hapa tumekuwa tukifundisha masomo ya Kongo kwenye ardhi ya Tanzania. Vitabu ni vya Kifaransa, mtihani wa taifa ni wa Kongo, diploma ni ya Kongo. Ndugu zetu walio Uganda, Nakivale na Kyangwali, watoto wao wanasoma masomo ya Uganda na sikukuu yao ya shule ni 9 Oktoba. Walio Kakuma wanasoma ya Kenya na wanajua 12 Desemba. Wa kwetu wanaimba vizuri 9 Desemba pamoja na wenyeji wetu, na ni heshima kufanya hivyo, maana nchi hii ilitupokea. Lakini mtoto anayefanya mtihani wa historia ya Kongo bila kujua kwa nini bibi yake analia akisikia wimbo fulani kwenye redio, huyo anakariri tu kama kasuku.

Tuliambiwa tuchore drapo

Basi nikaanza na jambo ambalo niliona halina matata. Nikawapa kazi ya nyumbani: muulize mzazi au mzee yeyote drapo ya nchi yetu ikoje, uichore kwenye kaye, upake rangi, ulete kesho.

Kesho yake nilipokusanya makaye nilishika kichwa. Zilikuja bendera za namna nne.

Wa kwanza alileta ya kijani, yenye duara la njano katikati, na ndani ya duara mkono umeshika mwenge. Wa pili alileta ya blu yenye nyota kubwa ya njano katikati, na nyota sita ndogo zimejipanga upande wa mlingoti. Wa tatu alileta ya blu ya anga yenye mstari mwekundu unaopanda kutoka chini kwenda juu, kingo zake za njano, na nyota moja. Wa nne, jamani, alichora bendera ya Tanzania. Nilipomuuliza akasema nyumbani waliambiana ina mstari wa kulala wenye kingo za njano, na yeye ile ya namna hiyo anaiona kila siku, kwa hiyo akaichora anayoijua. Huwezi kumlaumu.

Vita vya maneno vikaanza. Kila mtoto anasema mzazi wake ndiye anayesema kweli. Mmoja akasema baba yake alikuwa mwalimu kule Fizi, hawezi kukosea. Ikabidi niende kwa Muzee mmoja wa zoni yetu, aliyeanza masomo kabla nchi haijaitwa Zaire. Alizitazama zote, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwalimu, hakuna aliyedanganya. Hawa wote walikimbia."

Nilikaa nikafikiri maneno hayo, kisha nikaelewa. Bendera ya kijani yenye mwenge ni ya Zaire, ya Mobutu, kuanzia 1971 mpaka 1997. Mama aliyevuka ziwa Tanganyika mwishoni mwa 1996, wakati kambi hii inafunguliwa, alikimbia nchi iliyoitwa Zaire. Jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo lilirudi Mei 1997 yeye akiwa tayari hapa chini ya turubai. Huyo mama hajawahi kuishi hata siku moja katika nchi ambayo jina lake limeandikwa kwenye karatasi zake. Bendera ya nyota kubwa na nyota sita ni ya uhuru wenyewe wa 1960, nyota sita ni majimbo sita ya wakati ule, na Laurent-Désiré Kabila aliirudisha 1997. Aliyekimbia vita ya 1998 anakumbuka hiyo. Na ya mstari mwekundu imetumika tangu katiba ya 2006: blu ni amani, nyekundu ni damu ya mashujaa, njano ni utajiri wa nchi, nyota ni matumaini. Waliofika hapa miaka ya karibuni wanajua hiyo peke yake.

Na Muzee akaniongezea la kunichekesha. Hiyo mpya kwake si mpya. Kati ya 1966 na 1971, kabla ya Zaire, bendera ilikuwa na mstari mwekundu wa namna hiyo hiyo na nyota kwenye kona, tofauti ni blu tu, ilikuwa imeiva zaidi. "Mimi nimeiona ikishuka, sasa mnaniambia imepanda," akasema.

Kwa hiyo kila nyumba hapa kambini ina drapo ya mwaka iliyokimbia. Hata wimbo ni vilevile. Waliosoma wakati wa Mobutu waliimba La Zaïroise kila asubuhi, na wimbo wa mwanzo, Debout Congolais, ukarudi 1997. Nyimbo zote mbili zina mkono wa mtu mmoja, padri Mjesuiti, Simon-Pierre Boka. Ndiyo maana ukiwaambia wazazi waimbe wimbo wa taifa, wengine wanafungua mdomo halafu wanajikuta wameingia wimbo mwingine.

Kosa langu

Hapa nataka kusema jambo ambalo si la kujisifu. Nimefikiri sana kama niliandike, lakini gazeti hili ni la familia na tunaambiana.

Katika darasa langu kuna kijana aliyefika mwaka 2023 pamoja na wale waliokuwa wanashuka Kigoma kutoka Kivu. Mtoto mtulivu, hesabu anaweza kuliko wenzake. Kazi ya drapo hakuleta. Nikanyamaza. Siku ya mazoezi ya wimbo wa taifa wote wakasimama, yeye akabaki amekaa. Nikamwambia simama. Akasimama. Nikamwambia imba. Akanyamaza, anatazama chini. Nikamwambia mara ya pili, mara ya tatu, na watoto wengine wameanza kugeuka. Unajua tena, mwalimu kijana mbele ya watoto wengi namna ile anaogopa kudharauliwa. Nikampeleka ukutani, asimame pale mpaka mazoezi yaishe. Alisimama karibu saa nzima.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja.

Siku ya tatu jioni nikaenda kwao. Nikamkuta mama yake anachagua mbaazi kwenye ungo. Nikamwamkia shikamoo kama tulivyozoea hapa, yeye akajibu "Jambo, Mwalimu," maana huko kwao shikamoo haipo. Akanipa kiti, yeye akabaki kwenye mkeka. Nilitegemea atanigombeza. Hakunigombeza.

"Mwalimu," akasema, "mutoto hakukatala masomo. Alikatala ule wimbo."

Nikamuuliza kwa nini. Akaendelea kuchagua mbaazi, kisha akasema usiku ule watu waliokuja kumchukua baba yake walikuwa na drapo ndogo kwenye mkono wa nguo, na mtoto alikuwa na taa, aliiona. "Hatujui walikuwa nani. Kule nguo za vita kila mtu anazivaa. Lakini mutoto hajui hayo, yeye aliona drapo." Halafu akasema kwa adabu kabisa, "Kama ni lazima aimbe, basi atabaki nyumba mpaka hiyo siku ipite. Ikiisha nitamrudisha."

Sikuwa na la kusema. Nilisema, "Mama, nisamehe." Akasema, "Hata mwenyewe hukujua." Akaniongezea kikombe cha chai ya rangi, nikainywa, lakini sikuisikia ladha.

Njiani nikapita kwa bibi mmoja jirani yetu, tunamwita Koko wote. Nikamweleza bila kutaja jina. Koko akanisimulia mambo ya 24 Novemba. Ninyi wazazi wa umri wake mnakumbuka: 24 Novemba 1965 Mobutu alichukua nchi, na miaka yote ya Zaire siku hiyo ilikuwa sikukuu kubwa kuliko dipanda yenyewe. Kulikuwa na animasyo. Wanafunzi, wafanyakazi, akina mama wa soko, wote wanacheza na kumsifu kiongozi. Koko alisema alicheza ana mimba ya miezi minane, kwenye jua, kwa sababu asiyecheza jina lake linaandikwa. "Nilicheza vizuri sana," akasema. "Mpaka leo sitaki kuona mutu anachezeshwa."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejiona. Na mimi nilikuwa nimeandika jina la mtoto.

Tarehe iliyopangwa ng'ambo

Nilitaka kuacha yote. Nikamwambia direkta wetu, mwaka huu tuache, watoto wana mitihani. Yeye akanipa daftari lake la zamani la historia, akaniambia nisome Meza ya Mviringo. Nilikuwa nimeisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, lakini safari hii niliisoma kwa ajili ya yule msichana wa swali.

Sikilizeni. Mkutano wa Meza ya Mviringo ulifanyika Brussels, Ubelgiji, kuanzia 20 Januari mpaka 20 Februari 1960. Wakongo walikwenda kule kujadiliana na serikali ya Ubelgiji juu ya uhuru. Patrice Lumumba mwanzoni hakuwepo, alikuwa amefungwa, ikabidi atolewe gerezani apelekwe kwenye mkutano. Na ni huko, kwenye baridi ya Januari, mbali na mto Kongo na mbali na Kivu, ndipo walipokubaliana kwamba uhuru utakuwa tarehe 30 Juni. Tarehe yetu haikupangwa Kinshasa. Ilipangwa ugenini.

Na wimbo je? Ule ambao wazazi wakisikia kwenye redio hawawezi kukaa, Indépendance Cha Cha. Joseph Kabasele, yule Grand Kallé, na wanamuziki wa African Jazz walikuwa wamealikwa Brussels wakati huo huo kuwaburudisha wajumbe, na wimbo wakautungia huko huko, kwa kutaja majina ya viongozi na vyama vilivyokuwa mezani. Umeimbwa zaidi kwa Kilingala. Watoto wetu wengi hawaelewi neno hata moja, na wazazi wa huku mashariki wengi nao hawaelewi, lakini wote wanacheza.

Nilimwita yule msichana, nikamwambia mbele ya wenzake: uliuliza dipanda inakuhusu nini wewe uliyezaliwa nje. Tarehe yenyewe ilizaliwa nje. Akafikiri, akasema, "Lakini wao walirudi, Mwalimu."

Ni kweli. Wao walirudi. Sikujifanya nina jibu la hilo.

Siku yenyewe

Ijumaa ya 27 Juni 2025 redio zilianza kutangaza kwamba Kongo na Rwanda wametia saini mkataba wa amani Washington. Mnakumbuka wiki ile. Watu walikaa vikundi vikundi kwenye redio, wengine wameanza kuulizana habari za mashamba yao. Wengine walisema mikataba tumeisikia mingi, Goma ilichukuliwa na M23 Januari, Bukavu Februari, ngojeni kwanza. Hao wa "ngojeni" ndio walioona mbali, maana Desemba ya mwaka huo huo vita vikaingia Uvira, kwa ndugu zetu wengi wa hapa. Lakini siku zile, Ijumaa mpaka Jumatatu, hewa ilikuwa nyepesi kidogo. Ndiyo hewa tuliyofanyia sikukuu yetu.

Tulifanya darasani, asubuhi, kwa kibali, bila bendera ya nje. Michoro yote ya watoto tuliibandika ukutani kwa mpangilio wa miaka, kutoka 1960, na Muzee akatuchorea ile yake ya 1966 ili kusiwe na pengo. Ile ya Tanzania pia tuliiweka, mwisho, pembeni, kwa sababu ndiyo nchi tunayosomea. Juu ya kila moja tuliandika miaka. Wazazi wakaja. Nilikuwa nimewatuma watoto waseme: asiyetaka kuimba atasimama tu, na asiyetaka kusimama atakaa, hakuna atakayeulizwa.

Akina mama walipita kwenye ukuta polepole kuliko nilivyotegemea. Mmoja alisimama mbele ya ile ya kijani na mwenge, akasema kwa sauti ndogo, "Hii ndiyo ya kaye yangu," akimaanisha daftari lake la shule. Baba mmoja alianza kumweleza mwanawe zile nyota sita, jimbo moja moja, Kivu yetu ikiwemo, na nikagundua ana kumbukumbu kuliko mimi.

Watoto wakaigiza 30 Juni: mfalme Baudouin anasoma hotuba ya kusifu kazi ya Leopold wa Pili, Kasa-Vubu anajibu kwa upole, halafu Lumumba, ambaye jina lake halikuwa kwenye ratiba, anasimama na kutaja mateso yote, matusi na viboko. Aliyekuwa Lumumba alivaa miwani ya waya. Lakini kilichopendwa zaidi ni habari ya upanga. Siku moja kabla ya uhuru, 29 Juni 1960, mfalme alikuwa anapita Léopoldville kwenye gari la wazi, na mtu mmoja katika umati, anayetajwa kuwa Ambroise Boimbo, akachomoa upanga wa mfalme na kukimbia nao. Mpiga picha Mjerumani, Robert Lebeck, alikuwepo, na picha hiyo ilizunguka dunia. Sisi upanga wetu ulikuwa kijiti cha kuni. Kilichomolewa mara tano, maana kila mtoto alitaka kuwa yeye, na mfalme wetu akaanza kulia kwamba anaonewa.

Yule kijana alikuja. Mama yake alimleta mpaka mlangoni, akamwachia hapo. Alikaa nyuma. Wakati wa wimbo alikaa, na mimi nikatazama upande mwingine ili asione kwamba namtazama. Baada ya igizo watu walipoanza kuchanganyika nikamwona amesimama mbele ya drapo ya mwisho, ile ya 2006. Mchoraji alikuwa ameweka nyota katikati. Akatoa penseli mfukoni, akaifuta ile nyota kwa kidole na mate, akaichora upya juu kwenye kona ya kushoto, mahali pake. Hakusema kitu. Akarudi kukaa. Wimbo hajauimba mpaka leo, na hakuna aliyemwambia.

Chakula, maana mtaniuliza

Hatukuchangisha kwa lazima. Kila aliyeweza alileta kidogo. Kulikuwa na sombe iliyopikwa kwa mawese, ndagala, na bugali ya muhogo iliyochanganywa na unga wa mahindi wa mgao kwa sababu muhogo haukutosha. Watoto wanaita sombe kisamvu na ndagala wanaita dagaa, na akina mama wakawa wanawasahihisha. Mimi naona waachwe wajue yote mawili. Ndagala wa Baraka na dagaa wa Kigoma wanaogelea ziwa moja.

Kijana wetu mmoja, aliyepata bahati ya kusoma chuo mjini hapa Tanzania, aliniandikia ujumbe kwenye simu siku hiyo. Amepika kisamvu chumbani kwa ajili ya rafiki zake wa bweni. Walipomuuliza wanasherehekea nini akawaambia uhuru wa Kongo. Mmoja akamuuliza bila ubaya, "Mbona kwenu kila siku vita, sasa uhuru upi?" Anasema alitaka kukasirika, halafu akawaeleza tu habari ya upanga. Wakacheka, wakamaliza sufuria.

Kwa nyumba zinazotaka kufanya mwaka huu

Si lazima kufanya kikubwa. Mwambie mtoto mwaka uliokimbia na drapo uliyoijua. Mwambie masomo yako yalikuwaje, mliimba nini asubuhi, mlikuwa mnakula nini siku ya sikukuu. Kama kuna jambo huwezi kusema bado, mwambie hilo siwezi kusema bado, ataelewa kuliko tunavyofikiri. Nyimbo za vyama na maneno ya kabila dhidi ya kabila tuyaache nje, tumeyaona matunda yake. Wanaotaka kukusanyika wengi wapite kwanza kwa mkuu wa zoni kuuliza habari ya kibali, na tumalize kabla jua halijazama.

Shuleni kwetu tutaanza saa tatu asubuhi. Tunamtafuta mzee au bibi yeyote aliyekuwa na akili zake mwaka 1960 na anayekumbuka siku yenyewe ilivyokuwa kijijini kwake, hata kama anakumbuka tu kwamba alipewa biskuti. Aje, watoto watamsikiliza. Aje na kiti, maana madawati yetu mnayajua. Na kalamu nyekundu imetuishia, aliye nayo nyumbani atusaidie, ule mstari ni mrefu.